Mjukuu Wangu ni Mtaalamu wa Ngozi, Nami Nikamwita Mlevi

Mshauri wa gazeti,

Mimi si mtu wa kuomba, uliza Kisesa yote watakuambia, lakini leo naomba msaada wako kwa sababu kuna kitu nimekiharibu kwa mdomo wangu mwenyewe na sijui nikishike wapi. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikumpa mtoto wa shule aniandikie, elimu ya watu wazima niliisoma na cheti kiko ukutani, kwa hiyo ukiona herufi imepotea usicheke, itafute. Na jina langu usilitoe gazetini. Andika Bibi wa Kisesa, mabibi tuko wengi.

Ninaye mjukuu anaitwa Mhoja. Baba yake alikuwa mwanangu wa kwanza, pombe ya gongo ikammaliza Mhoja akiwa darasa la pili, mama yake akaenda kuolewa Shinyanga, mtoto nikabaki naye mimi. Nimemlea kwa jembe. Pamba nikilima ni ada yake, ndama nikiuza ni madaftari yake, na mwaka ule chama cha ushirika kilipochukua pamba yetu kikakaa kimya bila kutulipa, nilikaa kando ya barabara ya Musoma nikauza karanga za kukaanga, mimi mtu mzima, malori yananipiga vumbi, na sikulalamika kwa mtu. Akafaulu, akafaulu tena, mpaka akafika chuo kikuu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika huko hata kwa kupita njia. Hapa Kisesa nilihamia yeye akiwa ameshaenda sekondari ya bweni, akija anakaa siku mbili anaondoka, kwa hiyo watu wa hapa wanamjua kwa sifa zangu kuliko kwa sura yake.

Siku moja alipokuja likizo nikamuuliza, mume wangu, huko chuoni unasomea nini hasa? Namwita mume wangu kwa sababu kwetu bibi na mjukuu ni watani, yeye ananiita mke wangu, ndivyo tulivyo tangu anajifunza kuongea. Akanijibu, "Ngozi, mke wangu. Nafanya utafiti wa ngozi." Sasa wewe mshauri, mtu akikuambia msomi anachunguza ngozi, utafikiria nini? Mimi nilifikiria hii tuliyonayo mwilini. Jumapili yake baada ya ibada nikawaambia wenzangu wa kwaya kwamba Mhoja wangu anakuwa mtaalamu wa ngozi, na kabla hatujafika njia panda alikuwa ameshakuwa daktari, na kabla jua halijazama alikuwa ameshapata kazi hospitali ya Bugando. Hilo la Bugando sikulisema mimi. Lakini sikulikataa.

Krismasi akaja na mfuko, akanikalisha, akatoa kitu akanipa mkononi, laini kama shavu la mtoto, kina vialama vidogo vidogo vimejipanga mistari.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Ngozi. Ndiyo kazi yangu."

"Ya mnyama gani?"

"Sangara."

"Na wagonjwa je?"

"Wagonjwa gani, bibi?"

Mshauri, chai ilipoa mbele yetu. Alinieleza yote. Anasema viwanda vya minofu vilivyojaa Mwanza siku hizi vinamchuna sangara, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, vichwa na mifupa tunakaanga sisi, na ngozi zinatupwa. Yeye na mwalimu wake wa chuo wamepata namna ya kuzilainisha kwa magome ya miti na dawa nyingine mpaka zinakuwa imara za kushona viatu na mikoba, na hazinuki. Nikamwambia vizuri, umeshachunguza, umeshaandika, wamekupa cheti, sasa tafuta kazi. Akasema, "Bibi, serikali haiajiri kama zamani. Na utafiti wetu uko kabatini chuoni, ukikaa humo watakaousoma ni mende. Mimi nataka uvaliwe."

Uvaliwe! Nikamwambia biashara ni ya watu waliofeli, na kupara samaki hata mimi najua, tena sikwenda chuo. Nikamwambia ruksa hii ya biashara waliyotangaza ni kwa ajili ya wachuuzi, si kwa ajili ya mtu niliyemsomesha kwa mgongo wangu. Akairudisha ile ngozi mfukoni. Huwa hanijibu.

Nina kiwanja Igoma, marehemu mume wangu alikiacha, kina banda la mabati nyuma ya mafundi wa kuchomelea. Mhoja aliniomba banda hilo, nikampa ufunguo kwa sharti moja, mtu yeyote wa Kisesa asijue kwamba yuko pale wala anafanya nini. "Unanionea aibu, mke wangu?" akaniuliza huku anacheka. Nikamwambia chukua ufunguo uondoke kabla sijabadili mawazo. Kicheko chake hakikufika mwisho, niliona, nikajifanya napuliza moto.

Basi mwaka mzima akawa Igoma anaroweka ngozi, na mimi Kisesa nasema yuko mafunzoni. Paskazia, mwenzangu wa kwaya na jirani yangu ukuta kwa ukuta, kila akiniona ananiuliza daktari anakuja lini, maana mjukuu wake ana mapunye kichwani, nami namwambia ngoja tu, anakuja, usipoteze nauli yako, na juzi nimekiona hicho kichwa kimeanza kutoa maji, lakini hilo ni jambo dogo, ninalotaka kukueleza ni hili hapa.

Mwezi uliopita tulikwenda Igoma kina mama wa kwaya kuchukua sare zetu za Pasaka kwa fundi. Fundi akasema vifungo bado, turudi baadaye. Paskazia akasema anajua njia ya kukatiza kwenda sokoni. Nikamwambia huko nyuma kuna matope. Akasema matope tumezaliwa nayo. Wakamfuata wote, na mimi ningefanya nini, nikafuata.

Tukatokea bandani kwangu. Mhoja alikuwa amesimama kwenye pipa, chokaa mpaka kwenye viwiko, magamba yamemganda kwenye nyusi, kitambaa amejifunga puani. Pembeni yake wamesimama wanaume wawili, mmoja mzee wa miwani, mwingine amevaa kofia ya pama. Hawa wenzangu ninawajua, wakaanza palepale. Mmoja akasema, "Mayu wee, wenzake wanavua samaki, yeye anawavua nguo!" Paskazia akaona jozi ya viatu imeanikwa, akasema, "Ukivaa hivi paka wote wa Igoma watakusindikiza mpaka kanisani." Wakacheka mpaka wanashikana mabega. Na mimi nikacheka. Andika hivyo hivyo, na mimi nikacheka.

Mhoja akaniona. Macho yake juu ya kile kitambaa yakafurahi, akageuka akawaambia wale wageni, "Huyu hapa! Huyu ndiye mwenye kiwanja niliyewaambia." Akafuta mikono kwenye suruali, akanijia, akainama kidogo kama nilivyomfundisha. "Shikamoo, mke wangu. Umefika wakati wake kabisa."

Paskazia akaruka. "Heh! Mumeo huyu? Umeolewa lini na wali hatukula?"

Wote wananitazama. Nikasema, "Mlevi huyo. Jua halijapanda ameshalewa. Twendeni zetu."

Shikamoo yake sikuiitikia. Nikakata mbele na mwendo wangu wa haraka, nikasikia nyuma yangu yule wa pama anauliza, "Vipi kijana, si umesema ni bibi yako?" Na Mhoja akajibu kwa sauti yake ya kawaida, "Samahani mzee. Nimemfananisha."

Mshauri, katika maneno yote yaliyomo duniani, kwa nini likanitoka hilo? Ningeweza kusema simjui. Ningeweza kusema kichaa. Mhoja hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha, kwa sababu anaijua nyumba ya mlevi ilivyo, amelala ndani yake, amemwinua baba yake mlangoni kwa mikono ya mtoto. Na mimi najua kwamba anajua, tulikuwa wote. Njia nzima Paskazia alikuwa anasikitika, "Kijana mzuri vile, pombe! Sijui amelelewa na watu gani." Nikamwitikia, ndiyo, sijui.

Baadaye yule mzee wa miwani akaja Kisesa, akaulizia mpaka akanipata, bahati nzuri Paskazia alikuwa shambani. Kumbe ndiye mwalimu wake wa chuo. Nikamwambia umepotea nyumba, mimi sina mjukuu Igoma. Akanitazama akasema, "Mama, mna pua moja." Nikamletea kiti. Akanieleza kwamba yule wa pama ni Machibya, mwenye maduka ya viatu mjini, alikuwa tayari kujenga matangi ya saruji pale na kununua cherehani za ngozi, yeye atie mtaji, Mhoja atie ujuzi, na chuo kimeshakubali Mhoja autumie ule utafiti. Lakini sasa Machibya amerudi nyuma. Amesema hawezi kujenga kwenye kiwanja ambacho mwenye nacho anamwita Mhoja mlevi hadharani. Anataka mwenye kiwanja aje mbele ya mtendaji wa kata aseme huyu ni wangu na banda nimempa. Pasaka ikipita bila hivyo, anaondoka, na chuo kina watu wa Musoma wameshauomba utafiti huo huo, watapewa wao. Nikamuuliza, Mhoja ndiye amekutuma? Akasema hapana. Akasema Mhoja amemwambia bibi asilazimishwe, na angependa bibi asijue kwamba mtu amekuja kumwomba.

Tangu hapo silali vizuri wala sili vizuri. Kwenye kwaya mdomo unatembea, sauti haitoki. Alinishonea viatu ile Krismasi, viko chini ya kitanda, nimevinusa mara nyingi, havinuki kabisa, na hilo ndilo linaniuma, vingenuka ningepata la kusema.

Sasa nimepanga hivi, wewe niambie tu kama kuna kasoro. Nitakwenda kwa mtendaji siku ya kazi, peke yangu, kina mama wakiwa shambani, nitasema wanachotaka, nitaweka sahihi, nitarudi nyumbani. Kisesa waendelee kujua wanachojua. Paskazia akizidi kusumbua, Mhoja avae koti jeupe aje amtazame yule mtoto aseme neno moja mawili, kwani koti jeupe linauzwa kwa madaktari peke yao? Na wewe andika kwenye gazeti lako kwamba kijana ndiye anayeanza kumwendea mzee, hata kama mzee alikosea, ili Mhoja asome aje. Mimi siwezi kuanza. Sijui hata nianzie na neno gani.

Usinijibu kwa maneno ya kizungu wala usinizungushe. Na usinifokee sana, nina umri.

Bibi wa Kisesa


MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, bibi.

Nimetanguliza shikamoo kwa sababu nitakufokea, na nataka heshima yako iwe imeshafika kwanza.

Weka gazeti chini. Nenda kwa Paskazia sasa hivi, ukuta kwa ukuta si safari. Mwambie, "Mimi sina daktari, mpeleke huyu mtoto hospitali leo, na nauli nakuchangia." Kichwa cha mtoto kinatoa maji, wewe unaandika "hilo ni jambo dogo" katikati ya sentensi ndefu ukidhani nitapita bila kuona. Mapunye yanatibika. Mtoto huyo amekaa nayo mwaka mzima akimsubiri mtu ambaye hayupo, kwa sababu bibi wa jirani hakutaka kuchekwa. Nenda. Ukirudi utamalizia kusoma.

Umerudi? Haya, sasa tuongee.

Ulipoelewa ngozi kuwa ngozi ya mwili hukukosa kitu. Mimi mwenyewe ningekwenda kwenye kwaya na habari hiyo hiyo, tena ningeiongezea chumvi. Lugha yetu ina neno moja kwa ngozi ya mtu na ngozi ya kiatu, si wewe uliyeitunga. Na kujivuna kwa mtoto uliyemlea kwa pamba na karanga, bibi, nani wa kukunyang'anya? Lakini ile Krismasi ulishika ngozi ya sangara mkononi mwako. Jumapili iliyofuata ulikuwa unajua. Kuanzia hapo usiniletee habari ya kuelewa vibaya.

Unasema biashara ni ya waliofeli. Zile karanga za barabara ya Musoma zilikuwa nini? Ibada? Ulichukua kitu ulichokuwa nacho, ukakikaanga, ukakipeleka kwa watu wanaokihitaji, mtoto akasoma. Mjukuu wako amefanya hivyo hivyo. Amechukua alichokipata chuoni anakipeleka kwa watu wenye miguu. Ulitaka afanye nini? Akae Dar es Salaam kwenye ofisi isiyo na kazi, awe na tai, ili wewe uwe na la kusema njia panda? Wasomi wangapi wametuandikia mambo ambayo hatukuyaona hata siku moja? Huyu wako ameyaleta mpaka Igoma, akatia mikono kwenye pipa, na waliokuja kumwona ni mwalimu wake na tajiri wa viatu. Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku yako ya kujivuna, bibi. Ilikupita ukiwa umeshika pua.

Sasa hilo neno. Hilo sitakupunguzia. Umeniuliza kwa nini likatoka lile na si jingine. Lilitoka kwa sababu ulikuwa unatafuta la kumfukuza mtu haraka, na katika nyumba yako hilo ndilo linalofukuza. Ulilichukua mahali unapolijua. Yeye alilisikia likitoka kwa mtu pekee aliyebaki naye baada ya baba yake. Na akafanya nini? Akawaambia wageni amekufananisha. Alikuwa anapoteza kila kitu, na bado akatafuta mahali pa kukuficha. Mwalimu wake anakuja kwako, yeye anasema bibi asilazimishwe. Na wewe unataka nimwandikie gazetini kwamba hajui adabu!

Bibi, kijana ameshaanza. Alikuja, akainama, akasema shikamoo. Salamu iko kwako tangu siku ile. Unaniuliza uanzie na neno gani, nami nashangaa, maana neno lenyewe hata mtoto wa chekechea analijua. Linaitwa marahaba.

Habari ya koti jeupe sitaki kuisikia tena. Ni kosa mbele ya serikali, watamfunga yeye, si wewe. Na mtu akija kesho na ugonjwa wa kufa utampa koti pia?

Hilo la kwenda kwa mtendaji kwa siri nalo halifai, na nitakuambia kwa nini. Machibya hakurudi nyuma kwa sababu ya karatasi ya kiwanja. Alirudi nyuma kwa sababu alimsikia mwenye mtoto akimkana mtoto mbele ya watu. Ukisema kimyakimya ofisini, wakati kina mama wako shambani, kesho ukikutana nao sokoni utamkana tena, na Machibya si mjinga, anajua hivyo. Ulimwita mlevi mbele ya kwaya. Kwaya ndiyo inayotakiwa kusikia vinginevyo.

Na usifikiri una nafasi kubwa ya kuchagua. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, majina mengine nimeyabadilisha, lakini umeandika kwaya, umeandika sare, umeandika Igoma na viatu vya samaki. Likifika Kisesa gazeti hili, atakayelisoma kwa sauti hatamaliza aya ya tatu kabla wenzake hawajageuza shingo kuitazama nyumba yako. Wasilisikie kutoka kwangu. Wasikie kwako.

Kwa hiyo, kwa Paskazia umeshatoka, sasa nenda kwanza kwa Mhoja, mchana, bandani kwake. Mwitikie. Kisha mwambie, "Nilikuita mlevi. Haikuwa kweli, na nilijua si kweli." Basi. Usimweleze ulivyomlea, anajua. Usimwambie ulikuwa umezungukwa na watu, aliwaona. Akinyamaza, nyamaza naye. Utani wa mume na mke usiulete wewe, utarudi akipenda, na kama hautarudi mwaka huu itabidi uvumilie. Muulize kama anataka uende naye kwa mtendaji. Akisema ndiyo, muulize ni siku gani. Akisema hataki kukuona huko, muulize mwalimu wake akusaidie kuweka sahihi bila kumghasi, kwa sababu banda ni haki yake hata akiwa amekukasirikia.

Viatu vilivyo chini ya kitanda, vaa au usivae, hilo ni lako. Usije ukadhani kuvaa viatu ndiyo kuomba radhi.

Kisha kwaya. Subiri mazoezi yaishe, kabla hawajachukua vitenge vyao kuondoka, simama useme: "Mjukuu wangu si daktari. Anatengeneza ngozi za sangara, pale Igoma, kwenye kiwanja changu. Yule mliyemcheka ni yeye. Aliyesema uongo ni mimi." Ndipo uwaalike waende nawe bandani, wale wale, kwa njia ile ile ya matope, wakamsalimie kwa jina lake.

Watacheka, bibi. Sikudanganyi. Kina mama waliotoa ule utani wa samaki na nguo watakuwa na mwingine, na huu utakuwa juu yako, na utakuwa mzuri, utasemwa Kisesa mpaka mavuno. Wakianza, usikumbuke kwamba una haraka. Usikate mbele. Simama karibu na lile pipa, magamba na chokaa, mpaka wamalize kucheka. Mhoja siku ile alisimama, na alikuwa peke yake.